Kufunga transimita ya Ex i kwenye tanki la petroli: kutoka paneli ya chumba cha udhibiti hadi juu ya tanki

Fundi anayepanda ngazi za tanki la petroli akiwa amebeba transimita ya kupima kimo cha mafuta huwa na tahadhari zote: simu ameiacha getini, kigundua gesi amekibandika kifuani, kibali cha kazi amekisaini. Akishuka na kuingia chumba cha udhibiti, penye kiyoyozi na sakafu safi, tahadhari humtoka pamoja na jasho. Kwa vifaa vya Ex i, ambavyo mafundi wetu huviita ai-esi, yaani vifaa ambavyo umeme wake hauna nguvu ya kuwasha mvuke, mambo yako kinyume na hivyo. Kinachomlinda mtu juu ya tanki kimefungwa kule kwenye paneli, na makosa mengi ninayoyakuta ninapokagua ni ya paneli, ya kebo na ya karatasi, si ya kifaa chenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi ambaye tayari anajua kufunga saketi ya kawaida ya miliampea 4 hadi 20, na sasa amepewa kazi ya kuifunga mahali penye mvuke unaoweza kulipuka. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: transimita ya rada juu ya tanki la petroli lenye paa lisiloelea, katika depo iliyo ufukweni kama zile za Kigamboni au Mombasa, na kebo ya mita 350 hadi paneli. Kanuni ninazozifuata ni za viwango vya kimataifa vya IEC 60079, hasa sehemu ya 14 inayohusu ufungaji, ya 25 inayohusu mfumo mzima wa Ex i, na ya 17 inayohusu ukaguzi. Leseni ya ufungaji umeme, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA, ni sharti la kisheria, lakini haimfanyi mtu kuwa fundi wa Ex. Mafunzo ya Ex hutafutwa peke yake.

Kwanza ieleweke Ex i ni nini. Kifaa cha Ex d ni kisanduku kizito cha chuma kinachokubali kwamba mlipuko unaweza kutokea ndani yake, nacho kikauzuia usitoke nje. Ex i haijengi ukuta wowote. Inapunguza nishati ya umeme inayofika kwenye mvuke, kiasi kwamba hata waya ukikatika au ukigusana na mwenzake, cheche inayotokea haina nguvu ya kuwasha. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: mchanganyiko wa propeni na hewa huwashwa na cheche ya takriban milijuli 0.25, na ule wa haidrojeni huwashwa na takriban milijuli 0.02. Wazo hili lilizaliwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa Senghenydd huko Wales ulilipuka na kuua wachimbaji 439, na mojawapo ya vyanzo vilivyoshukiwa ni cheche za kengele za umeme zilizotumika kupelekeana ishara. Kengele zile zilikuwa za betri na volti chache tu, na watu walidhani umeme mdogo namna ile hauna madhara. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba volti peke yake haitoshi kumhakikishia mtu usalama, kwa sababu koili ya kengele huweka akiba ya nishati na kuitema pale waya unapoachana. Hesabu zote tutakazofanya huko mbele zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Pata ramani ya maeneo ya hatari

Usianze na kifaa. Anza na mahali. Kila depo inapaswa kuwa na mchoro unaoonyesha kanda. Ukanda 0 ni pale mvuke unaolipuka upo daima au kwa muda mrefu, nao kwa tanki letu ni nafasi iliyo ndani ya tanki juu ya mafuta. Ukanda 1 ni pale unapotarajiwa kutokea mara mojamoja katika kazi ya kawaida, kama vile kuzunguka tundu la kupumulia. Ukanda 2 ni pale usipotarajiwa, na ukitokea haukai, kama sehemu kubwa ya eneo lililo ndani ya ukuta wa bandi, ule unaozunguka tanki kuzuia mafuta yakimwagika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hutambaa chini na kulala kwenye mitaro ya kebo na mashimo ya ukaguzi, ambako watu wengi hawautarajii.

Transimita yetu inakaa juu ya paa, lakini antena yake inachungulia ndani ya tanki. Hivyo kifaa kimoja kiko katika kanda mbili, na sehemu iliyomo ndani inadai kiwango cha juu zaidi. Kama depo haina mchoro wa kanda, kazi isimame hadi upatikane. Fundi asikisie kanda kwa macho, hata kama amefanya kazi hapo miaka ishirini.

Hatua ya 2: Soma kibati cha kifaa, kisha usome cheti

Kwenye kibati cha transimita utakuta maandishi kama haya: Ex ia IIC T4 Ga. Yasome neno kwa neno. Herufi ia zinamaanisha kwamba kifaa kinabaki salama hata kikipata hitilafu mbili kwa pamoja, na ndicho kinachokubalika ukanda 0; Ga ya mwishoni inataja kiwango hichohicho cha ulinzi. Kifaa cha ib kinavumilia hitilafu moja na mwisho wake ni ukanda 1. Cha ic ni salama katika hali ya kawaida tu na kinafaa ukanda 2.

IIC ni kundi la gesi. Propeni na petroli ziko IIA, ethilini iko IIB, haidrojeni na asetilini ziko IIC. Kifaa cha IIC kinaweza kutumika kwenye IIA, ila cha IIA hakiwezi kupelekwa kwenye haidrojeni. T4 ni daraja la joto, maana yake uso wa kifaa hautazidi nyuzi 135 za Selsiasi. Mvuke wa petroli hujiwasha wenyewe kwenye joto la karibu nyuzi 280, kwa hiyo petroli hudai angalau T3, yaani nyuzi 200, na T4 inatosha na ziada. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kudhani kwamba gesi inayowashwa na cheche ndogo huwashwa pia na joto dogo. Sivyo. Haidrojeni inawashwa na cheche ndogo kuliko zote nilizozitaja, lakini hujiwasha yenyewe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, hivyo ni IIC kwa kundi na T1 kwa joto.

Kisha angalia joto la mazingira. Kibati kisipotaja chochote, kifaa kimepimwa kwa mazingira ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 40. Sasa weka mkono wako juu ya paa la tanki la chuma mjini Dar es Salaam mwezi Februari saa nane mchana, nawe utajua mara moja kwa nini nyuzi 40 hazitoshi. Vyeti vingi hutoa daraja la joto kwa jedwali: kifaa kilekile ni T6 mpaka nyuzi 40 na T4 mpaka nyuzi 60 au zaidi. Chukua mstari unaolingana na jua lako, na ukifunge kivuli cha bati juu yake.

Mwisho, tazama namba ya cheti inaishia na herufi gani. Ikiwa ni X, kuna masharti maalumu, na masharti hayo hayakuandikwa kwenye kibati. Yamo ndani ya cheti. Mara nyingi yanahusu kasha la alumini lisigongwe likatoa cheche ukanda 0, au plastiki isifutwe kwa kitambaa kikavu. Vyeti vya IECEx, mfumo wa kimataifa wa vyeti vya Ex, vinapatikana wazi mtandaoni, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutokisoma.

Hatua ya 3: Linganisha namba

Hapa ndipo kazi ya Ex i ilipo, na ndipo ninapotaka msomaji akae muda mrefu kuliko kwingine kote. Upande wa paneli kuna kifaa kinachozuia nishati, ama bariya ya zena, yaani yenye diodi zinazomwaga volti ya ziada ardhini, au aisoleta. Alama yake imewekwa kwenye mabano ya mraba, [Ex ia Ga] IIC, na mabano hayo yanasema kwamba chenyewe kikae sehemu salama, ila waya zinazotoka humo zinaruhusiwa kwenda kwenye hatari. Cheti chake kinataja kiwango cha juu kabisa kinachoweza kutoka humo: volti Uo, mkondo Io na nguvu Po. Cheti cha transimita nacho kinataja kiwango cha juu inachoweza kupokea: Ui, Ii na Pi. Sharti ni kwamba Uo isizidi Ui, Io isizidi Ii, na Po isizidi Pi.

Bariya iliyozoeleka kwa transimita ni ya volti 28, ohm 300, miliampea 93 na wati 0.65. Tuseme transimita yetu ina Ui ya volti 30, Ii ya miliampea 200 na Pi ya wati 1. Mambo matatu yamepita.

Yanabaki mawili, nayo ndiyo yanayosahaulika. Kebo ndefu ni kapasita, na pia ni koili. Inahifadhi nishati njiani, baada ya bariya kumaliza kazi yake, na kuitoa mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo cheti cha bariya kinataja Co na Lo, yaani kapasitansi na indaktansi ya juu inayoruhusiwa kuunganishwa nje, na fundi anatakiwa kujumlisha ile ya transimita, Ci na Li, na ile ya kebo. Usipokuwa na takwimu za mtengenezaji wa kebo, kiwango kinakuruhusu kutumia pikofaradi 200 na mikrohenri 1 kwa kila mita.

Kebo yetu ya mita 350 ina nanofaradi 70. Tuseme transimita ina Ci ya nanofaradi 10. Jumla ni 80. Kwa volti 28, Co ya kundi IIC ni nanofaradi 83. Tumepita kwa nanofaradi tatu tu, na kebo ikirefushwa mita 50 kwa sababu trei imebadilishwa njia, tumeshindwa. Lakini kumbuka kwamba petroli ni IIA, na kwa IIA volti hiyohiyo inaruhusu mikrofaradi 2.15, yaani nafasi tele. Nimeona wahandisi wakibadilisha kebo nzima kwa hofu ya safu ya IIC ilhali tanki lao halijawahi kuona haidrojeni. Tumia safu ya gesi uliyonayo, uiandike kwenye karatasi, na uandike pia kwamba tanki likibadilishwa bidhaa hesabu irudiwe.

Kwa indaktansi, kebo inatoa mikrohenri 350. Ukiongeza 10 za transimita unapata milihenri 0.36. Ikiwa cheti cha bariya kinaruhusu milihenri 3, hapana tatizo. Kuna kifungu kimoja cha kuangalia: endapo Ci ya vifaa inafika asilimia 1 ya Co, na wakati huohuo Li inafika asilimia 1 ya Lo, basi Co na Lo zote hugawanywa kwa mbili kabla ya kulinganisha. Katika mfano wetu Li ni mikrohenri 10 na asilimia 1 ya Lo ni 30, kwa hiyo kifungu hakitugusi.

Mfumo mzima huchukua daraja la kiungo dhaifu. Transimita ya ia ikifungwa na bariya ya ib, mfumo ni ib, na hapo antena yako haina ruhusa ya kuwa ndani ya tanki. Ndivyo ilivyo pia kwa kundi la gesi.

Vifaa vingine havihitaji cheti kabisa. Swichi tupu, kihisi joto cha Pt100, thamokapo na kisanduku cha kuungia waya huhesabiwa kuwa vifaa sahili, kwa kuwa havizalishi zaidi ya volti 1.5, miliampea 100 na miliwati 25. Kutokuwa na cheti hakumaanishi kutoandikwa: navyo viingie kwenye karatasi ya hesabu.

Hatua ya 4: Chagua kati ya bariya na aisoleta

Bariya ya zena ni rahisi na bei yake ni nafuu, lakini uhai wake wote unategemea waya wa ardhi. Aisoleta hutenganisha pande mbili kwa transfoma, haihitaji ardhi ya namna hiyo, na haili volti nyingi za saketi. Kwa kazi mpya mimi huchagua aisoleta bila kusita, hasa kwenye depo za zamani ambazo hakuna anayejua ardhi yake inaishia wapi. Bei yake ni kubwa zaidi, na hoja hiyo italetwa na mtu wa manunuzi. Mwonyeshe hesabu ifuatayo.

Umeme wa paneli ni volti 24. Bariya, pamoja na fyuzi yake ya ndani, ina ukinzani wa takriban ohm 340, na kwa miliampea 20 inakula volti 6.8. Rezista ya ohm 250 ya mawasiliano inakula volti 5. Zinabaki volti 12.2, na kebo nayo inachukua kidogo. Ikiwa transimita inadai volti 12, imebaki ukingoni. Tena ukingo huo haufikiwi tanki likiwa tupu, wakati mkondo ni miliampea 4 na volti zimejaa. Unafikiwa tanki linapokaribia kujaa. Niliwahi kuitwa kwenye depo moja ambako kipimo kilikuwa kikizimika kila mara tanki lilipopita asilimia tisini, yaani dakika zilezile ambazo mpokeaji wa meli anakihitaji kuliko wakati wowote. Walikuwa wamebadilisha transimita mara mbili. Tatizo lilikuwa hesabu ya volti ambayo hakuna aliyeifanya.

Ukiamua kutumia bariya, hakikisha pia kwamba umeme wa paneli haupandi juu ya volti ya kazi ya bariya, ambayo kwa aina hii ni karibu volti 26. Chaja ya betri inayoelea kwenye volti 27 itaziamsha zena na kuunguza fyuzi iliyozikwa ndani, na bariya hiyo haitengenezwi, hutupwa. Aidha, Um ya vifaa hivi, yaani volti ya juu kabisa inayoruhusiwa kufika upande wao wa sehemu salama, kwa kawaida ni volti 250, kwa hiyo visikae paneli moja na vibadili vya mota vya volti 400.

Hatua ya 5: Ardhi ya bariya

Sehemu hii inamhusu aliyechagua bariya. Baa ya shaba inayobeba bariya iunganishwe na kituo kikuu cha ardhi cha depo kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 4, au kwa waya mbili tofauti, kila mmoja usiopungua milimita za mraba 1.5. Ukinzani kutoka baa hadi kituo hicho uwe chini ya ohm 1. Mimi hupendelea waya mbili, kwa sababu unaweza kuchomoa mmoja na kupima mzunguko wa zote mbili bila kuiacha baa bila ardhi hata dakika moja.

Na hapa kuna kosa la nia njema. Fundi akiambiwa kwamba vyombo vinataka ardhi safi, huchukua rodi ya shaba, akaizika nje ya dirisha la chumba cha udhibiti, akafunga waya wake na kuridhika. Kwa kufanya hivyo ameumba ardhi mbili: ya paneli na ya tanki. Hitilafu ya ampea 10 ikipita kwenye rodi yenye ohm 20, paneli hupanda volti 200 juu ya tanki, na volti hizo zote husafiri kwenye waya za transimita hadi kwenye mvuke. Ikipita kwenye ohm 1, tofauti ni volti 10 tu. Waya wa ardhi ya bariya uwe na njia yake, lakini uishie kwenye ardhi moja na mitambo mingine yote.

Hatua ya 6: Vuta kebo

Kebo ya Ex i huwa na ganda la rangi ya samawati. Rangi si sharti pale kebo imewekewa vibandiko vinavyoeleweka, ila ukiitumia, basi samawati isitumiwe kwa kitu kingine chochote kwenye trei hiyo. Waya za Ex i na waya za kawaida zisipite ndani ya kebo moja. Zikipita trei moja, ziwekewe kizuizi kati yao au zitenganishwe kwa nafasi. Kebo yenye deraya ya chuma au ngao ya chuma haidai utengano huo.

Ndani ya paneli na visanduku, teminali za Ex i zikae angalau milimita 50 mbali na teminali za kawaida. Kati ya saketi moja ya Ex i na nyingine, sehemu zilizo wazi ziachane milimita 6, na kati yake na chuma chenye ardhi milimita 3. Chukua rula upime. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni waya wa samawati ulioachwa mrefu kwa ajili ya baadaye, ukakunjwa ndani ya mfereji wa plastiki ukachanganyika na waya za kijivu za taa ya paneli. Milimita 50 za teminali zimeheshimiwa, na sentimita kumi mbele yake waya zimelala pamoja.

Ngao ya foili iungwe ardhini upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye paneli. Upande wa transimita ikatwe na kufungwa kwa mkanda ili isiguse kitu. Deraya ya chuma ni jambo jingine, nayo huungwa ardhini pande zote mbili kupitia glendi, kile kishikio cha kebo inapoingia kwenye kasha. Nyuzi za kebo zisizotumika zisiachwe zikielea: ziungwe ardhini upande mmoja na zifunikwe upande wa pili.

Kwenye pwani, hewa ya chumvi hula chuma kabla ya wakati wake. Glendi ya shaba nyeupe iliyofungwa kwenye kasha la alumini huota unga mweupe baada ya muda, na siku ya kuifungua hukatikia humo. Tumia glendi iliyopakwa nikeli au ya chuma kisichoshika kutu, na kasha lenye kinga ya IP66 dhidi ya vumbi na maji.

Hatua ya 7: Juu ya tanki

Kazi ya kufungua flanji hufanywa kwa kibali na baada ya kupima gesi. Hakikisha kasha la transimita limeungwa na mwili wa tanki kwa waya wa ardhi, wala usitegemee boliti zilizopakwa rangi.

Kanda zetu zina radi nyingi, na tanki ni kitu kirefu mahali pa wazi. Kwa kuwa sehemu ya kifaa iko ukanda 0, weka kizuia radi kati ya kila uzi wa kebo usio na ardhi na mwili wa tanki, karibu iwezekanavyo na pale kebo inapoingilia, ikiwezekana ndani ya mita 1. Kiwango kinataka kiweze kuhimili mapigo 10 ya kiloampea 10, na waya wake wa ardhi usipungue milimita za mraba 4 za shaba. Kizuia radi nacho kina kapasitansi na indaktansi, kwa hiyo rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 3 na ukiongeze.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kuwasha

Pima uzuiaji wa kebo kwa volti 500 kati ya nyuzi, kati ya nyuzi na ngao, na kati ya ngao na deraya. Mega, yaani mita ya kupimia uzuiaji huo, si kifaa cha Ex i, kwa hiyo kipimo hiki hufanywa eneo likiwa limethibitishwa kuwa halina gesi, na kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili: bariya, transimita na kizuia radi vyote vitolewe. Kijana mmoja niliyekuwa naye kazini alipima upande wa juu akasahau kwamba chini kebo bado imeshikwa na bariya. Hakukuwa na sauti wala moshi. Mega ilionyesha ohm sifuri, akadhani kebo imeungua, na tulitumia asubuhi nzima kutafuta jeraha la kebo ambalo halikuwapo. Ukimaliza, gusanisha nyuzi na ardhi ili chaji iliyobaki itoke kabla hujaziunga juu ya tanki.

Baada ya kuwasha, faida kubwa ya Ex i inaonekana: unaruhusiwa kufungua kifuniko na kupima saketi ikiwa hai ndani ya eneo la hatari. Ruhusa hiyo inamhusu mwenye mita iliyothibitishwa kwa Ex i, na namba za mita hiyo zilinganishwe na za saketi kama kifaa kingine chochote. Mita ya kawaida ya mfukoni, hata ikiwa ya bei ghali, inabaki chini.

Hatua ya 9: Karatasi

Kwa kila saketi kuwe na hati moja inayotaja bariya kwa aina na namba ya cheti, transimita kwa aina na namba ya cheti, kebo kwa aina na urefu uliovutwa kweli, si wa mchoro, pamoja na jedwali la ulinganisho lililosainiwa. Ukaguzi wa kwanza uwe wa kina, kifuniko kwa kifuniko. Unaofuata usizidi miaka mitatu.

Nakala moja ya hati hiyo iwekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mlango wa paneli, kwa sababu siku bariya itakapoungua, saa tisa usiku na meli ikiwa gatini, fundi wa zamu hatakwenda ofisini kutafuta faili. Atafungua droo, atakuta bariya yenye rangi na umbo lilelile lakini ya miliampea 300, na kitu pekee kitakachomzuia kuichomeka ni ile karatasi iliyo mbele ya macho yake.